Mbili ya Mkono wa Kushoto

Mwezi uliopita nilinunua miiko miwili kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa ametandaza bidhaa zake kwenye gunia huko Masii, na sikuinusa. Kosa ni langu. Nilipofika nyumbani Athi River na kusonga ugali kwa mmojawapo, jiko lote likajaa harufu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi: tamu, kavu, yenye ukali kidogo nyuma ya pua, kama ndani ya kanisa lililofungwa wiki nzima. Muhugu. Fundi fulani, kwa uvivu au kwa kukosa mti mwingine, alikuwa amechonga miiko kwa muhugu, mti ambao kila mtu kwetu Wamunyu anajua ni wa kuchongea twiga na vifaru wa kuuzia watalii, si wa kuingia kwenye sufuria. Watoto wangu walionja tonge moja moja wakaangaliana.

"Mama, kwani hii ugali iko na dawa?" kijana wangu akauliza.

Wakaomba mkate. Mimi niliula ule ugali wote peke yangu huku machozi yakinitoka, nikawaambia ni moshi. Tunapikia gesi.

Nilikulia kwenye banda la mchongaji. Baba alikuwa na banda lake hatua chache kutoka jikoni kwa Mama, kwa hiyo sauti ya kwanza niliyoijua asubuhi ni ya tezo ikigonga mti, na vumbi la muhugu lilikuwa kila mahali: kwenye nyusi zake, kwenye chai, katikati ya kurasa za Biblia ya Mama. Jina lake lilikuwa Nzioka, lakini nje ya boma letu watu walimwita Refa. Ujanani alikuwa amekaa Mombasa akiuza vinyago, na huko akajifunza mieleka kwenye klabu ya vijana, akarudi nyumbani na kijitabu cha sheria kisicho na jalada. Msimu wa michezo ya shule ukifika, kila Jumamosi aliweka tezo chini, akanawa mpaka kwenye viwiko, akavaa suruali nyeupe iliyokuwa imeshaanza kufanana na chai, akaenda kuamua mieleka ya watoto wa watu.

Hata mkeka tuliopigania ulitoka mabandani. Wachongaji walikusanya vumbi la mbao, wakajaza magunia, magunia yakashonwa pamoja na kufunikwa kwa turubai, na Mwalimu Mule, aliyetufundisha hesabu na mieleka, akachora duara juu yake kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya darasa la nane. Ukianguka, turubai lilitoa pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa muhugu. Mpaka leo siwezi kutenganisha harufu ile na kuangushwa.

Sheria tulizotumia zilikuwa rahisi. Ukimwangusha mwenzako ukamdhibiti chini, unapata pointi mbili. Ukimsukuma nje ya duara, pointi moja. Refa hakusema kitu. Aliinua mkono wenye rangi yako, akaonyesha vidole, na karani aliyeketi mezani akaandika. Rangi zenyewe zilikuwa kwenye vifundo vya mikono yake, vikuku viwili vya sufu ambavyo Mama alivifuma kwa nyuzi za sweta zilizochakaa: chekundu mkono wa kushoto, cha bluu mkono wa kulia.

Sasa, mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa na vidole vinne. Cha kati kilichukuliwa na tezo kabla sijazaliwa, kikabaki kigutu tu. Kwa wachongaji hilo si jambo la kusimulia. Mzee wa banda la pili alikosa kidole gumba, wa banda la tatu alikosa viwili, na nilipokuwa mdogo sana niliamini kabisa kwamba wanaume wakishapata watoto hupunguzwa kidole. Nilimhurumia sana mjomba wangu aliyekuwa karibu kuoa. Baba alipotaka kuonyesha mbili kwa mkono huo, aliinua kidole cha shahada pamoja na kile kigutu, na ukiwa mbali uliona kidole kimoja. Moja yake aliionyesha kwa kidole gumba. Hakuna aliyetufundisha hesabu hiyo, tuliijua tu kama tunavyojua njia ya kisimani. Gumba ni moja, cha shahada ni mbili. Mwalimu Mule, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa karani, aliandika bila hata kufikiri.

Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama yake Baba, na kwa desturi yetu sisi Wakamba basi aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Mwanamume mwenye mabega yale kumwita mtoto wa mapengo mama yangu lilikuwa jambo la kawaida kabisa nyumbani kwetu, lakini mimi lilinipa kichwa kikubwa. Niliona mimi ndiye mkubwa wa boma. Tatizo ni kwamba Baba alikuwa mtu wa kazi. Ukiingia bandani ukamsimulia habari za shule alisema "eeh" bila kuinua macho kutoka kwenye mti. Ila kwenye mkeka nilimwona akiwatazama watoto wengine kwa jicho ambalo nyumbani alilipa gogo tu, kabla ya kulipiga tezo ya kwanza: anazunguka, anainama, hapepesi. Nililitaka jicho hilo. Nilianza mieleka kwa sababu hiyo na si nyingine, na walimu waliosema nina moyo wa mchezo walikuwa wamekosea.

Nilikuwa darasa la sita mashindano ya kuchagua timu ya kwenda Machakos mjini yalipofanyika Katangi. Tulipakia mkeka wetu kwenye lori la kubebea mawe na sisi tukakaa juu yake. Baba alikuwa ametuambia kwamba Machakos kuna mkeka wa kununuliwa, laini, wenye harufu ya viatu vipya, na kwamba refa wa pale huandamana na wenzake wawili ili mmoja akikosea wengine wamrekebishe. Aliisema hiyo ya marefa watatu kwa hamu, kama vile wengine wanavyosimulia nyama ya sherehe. Kwetu alikuwa peke yake. Siku ile walipaswa kuwa wawili, lakini yule mwingine alifiwa, kwa hiyo Baba akaamua mechi zote kuanzia asubuhi, na zamu yangu ilipofika hakukuwa na wa kumpokea.

Alinivuta kando, karibu na tangi la maji.

"Baba, leo ni wewe utaniamua?" nikamuuliza.

"Leo hakuna mtu mwingine. Lakini ukiingia huko ndani mimi si baba yako. Wewe ni Nyekundu, yule ni Bluu. Umeelewa, mwaitu?"

"Nimeelewa."

"Na usiniangalie mimi. Angalia miguu yake."

Mezani hakuwa Mwalimu Mule. Yeye alikuwa kocha wetu siku hiyo, na karani wa asubuhi, aliyemzoea Baba, alipokwenda kula, wenyeji walimweka mwalimu wao, dada mmoja mgeni aitwaye Wanjiru, ambaye jamaa zake walikuwa wametoka upande wa Murang'a na kufungua duka pale sokoni. Alikuwa na mwandiko mzuri na kalamu mbili sikioni. Alikuwa hajawahi kuona mieleka, wala hajawahi kumwona Baba, kabla ya siku ile.

Mpinzani wangu aliitwa Katunge, msichana wa hapo hapo Katangi, mrefu kuliko mimi, mwenye viganja vigumu vya kuchota maji. Kipenga kilipolia nilifanya nilivyoambiwa. Niliangalia miguu yake, nikaona wa kulia unasita, nikauvuta, na turubai likatupumulia usoni. Kwa pembe ya jicho nikaona mkono wa kushoto wa Baba ukipanda, kidole cha shahada juu. Mbili. Yeye akanisukuma nje ya duara, mkono wa kulia ukapanda na kidole kimoja. Akaniangusha vibaya, nikauma ulimi, mkono wa kulia ukaonyesha vidole viwili vizuri kabisa. Mbili kwa tatu. Muda ulikuwa karibu kwisha. Nilimwingia chini ya kwapa, nikamzungusha, tukaanguka mimi nikiwa juu, na mkono wa kushoto ukapanda tena, kidole kile kile. Mbili na mbili ni nne. Nilimkumbatia Katunge pale chini mpaka kipenga cha mwisho, sijali tena kitu, nikitabasamu huku mdomo umejaa damu, kwa sababu nilikuwa nimelisikia lile jicho mgongoni mwangu muda wote.

Refa husimama katikati na kuwashika wote wawili mikono, akingoja meza itangaze. Mkono wake wa kushoto ulinishika mimi, wa kulia ulimshika Katunge. Nilisikia kigutu chake kikigusa kifundo changu. Mwalimu Wanjiru akasimama, akasoma kwa sauti ya darasani: Nyekundu mbili, Bluu tatu.

Baba hakusogea. Aliinamisha kichwa akautazama mkono wake wa kushoto. Aliutazama mkono tu, hakunitazama mimi. Nilisikia vidole vyake vinne vikinibana kiasi cha kuniumiza, kisha vikalegea. Akainua mkono wa kulia.

Watu wakapiga makofi, na makofi yenyewe hayakuwa ya Katunge. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya kamba akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyo ni mtu wa haki. Ameangusha mtoto wake mwenyewe." Wakamshangilia. Nilimtafuta Mwalimu Mule kwa macho. Alikuwa bombani akimwosha pua kijana wetu aliyetoka damu, na aliporudi akakuta mambo yamekwisha, akanipiga piga begani, akasema nimejitahidi. Hakuuliza. Nani angemuuliza Refa kuhusu mtoto wake?

Lakini mimi niliuona mkono. Usiku na mchana niliurudia akilini: kidole cha shahada, mara mbili. Sikujua chochote kuhusu mwalimu mgeni na anavyohesabu, kwa sababu katika maisha yangu sikuwa nimewahi kukutana na mtu asiyejua kwamba kile kidole ni mbili. Kwa hiyo nilijitafutia maelezo mengine, na niliyoyapata yalikuwa mabaya. Niliamua kwamba kuna hesabu ya nyumbani na hesabu ya mbele ya watu. Nyumbani kidole kile ni mbili. Mbele ya watu, kama mtoto ni wako na wageni wanaangalia, kidole kile kile ni moja. Baba aliniuza kwa makofi ya Katangi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nililiamini hilo kama ninavyoamini jina langu.

Nikaacha kumpelekea chai bandani. Akiita "mwaitu", nilikuwa kiziwi. Jumatatu asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akatoka bila kuaga, akarudi jua likiwa limeshaegemea.

"Ulifika?" Mama akamuuliza mlangoni.

"Nilifika."

"Na?"

"Ni hivyo tu."

Mama aliniangalia, akaangalia pembeni. Siku iliyofuata wenzangu shuleni wakanipa habari: Refa alionekana Katangi akimshika mkono Katunge, akimtakia safari njema ya Machakos. Sijui nieleze vipi wivu ule. Ulinikaa tumboni kama ugali mbichi. Kuniangusha ni sawa, lakini kupanda gari mpaka Katangi kwenda kumpongeza aliyeniangusha, hilo lilinipita.

Msimu uliofuata Baba alibadilika, na kila badiliko nililichukua vibaya. Aliwaita walimu wa shule za karibu bandani, wakakaa juu ya magogo, na akawaambia hataamua tena mieleka kwa namna ya zamani. Alikuwa amechonga vibao vya muhugu vyenye namba, nusu akavipaka rangi nyekundu na nusu bluu, vya kutundikwa kwenye misumari mbele ya meza ili kila mtu azione pointi tangu zinapotolewa. Alitaka makarani wawili, si mmoja. Alitaka refa aseme pointi kwa mdomo, kwa sauti, na meza irudishe maneno yale yale kwa sauti, na mechi isiendelee mpaka meza ijibu. Na alitaka mzazi asiamue mechi ya mtoto wake, hata kama refa mwingine amefiwa, hata kama itabidi watoto warudi nyumbani bila kucheza.

"Sasa Refa, si tutapiga kelele kama soko ya mbuzi?" Mwalimu Mule akamuuliza.

"Tupige," Baba akasema.

Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kupiga kelele kulimpa shida. Alijifunza bandani. Nilimsikia jioni akichonga, tezo inagonga, halafu ghafla, "Nyekundu, mbili!" na kuku wanatawanyika. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mara nyingine alimjibu kutoka jikoni huku akikoroga maharagwe, "Nyekundu, mbili!" na Baba akagonga tena. Mimi niliona aibu. Niliona wanafanya mchezo kwa kitu kilichonivunja, na cha ajabu hata walichagua rangi yangu.

Lililoniuma zaidi lilikuwa jambo la mwisho. Baba alifundisha vijana wawili kuamua, na ikifika zamu yangu alivua vikuku vyake, akampa mmoja wao, akatembea mpaka kwenye lango la shule, akasimama pale akitazama barabara, mgongo kwetu. Mzazi mwingine yeyote aliruhusiwa kukaa na kutazama. Yeye hakutazama. Nilipigana misimu miwili zaidi nikiwa na picha hiyo ya mgongo ndani ya koti. Nilifika hata Machakos, nikaunusa ule mkeka, na kweli ulinuka viatu vipya. Baba alikuja. Alisimama langoni.

Nikaacha mieleka nikaingia sekondari, halafu kazi ya kiwanda huku Athi River, halafu ndoa. Hatukugombana, naomba nieleweke. Nilimpenda na alinipenda, nilienda nyumbani Krismasi na Pasaka, nilimnunulia miwani. Ila hatukulizungumza kamwe. Mara moja tu nilikaribia. Alikuwa anapiga msasa twiga, nikakaa kwenye gogo lake, nikasema, "Baba, unakumbuka Katangi?" Mkono wake ukasimama. Akaniangalia muda mrefu, kwa lile jicho. Kisha akasema, "Mwaitu, hebu niletee maji ya kunywa." Nikamletea maji. Akanywa yote, akaendelea na msasa, na mimi nikaona afadhali.

Tulipomzika, wachongaji walimtengenezea sanduku kwa mti mwingine, kwa sababu muhugu wa kutosha sanduku siku hizi haupatikani. Baada ya chakula mama mmoja mnene wa kilemba akanijia akiwa ameshika sahani, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye Nyekundu," akasema. "Mimi ni Mwalimu Wanjiru, wa Katangi. Nilikuwa kwa meza siku ile."

Nikamvutia kiti. Akaniambia kwamba ile Jumatatu Baba alimkuta akifundisha, akaomba ruhusa ya kuingia, akasimama mbele ya ubao na koti lake la kanisani, akainua mkono wa kushoto.

"Akaniuliza, 'Mwalimu, hii ni ngapi?' Nikamwambia ni moja. Akasema, 'Ni mbili. Lakini hiyo si makosa yako, ni yangu. Nimezoea watu wananijua.' Akanisongelea karibu nione hiyo kidole imekatika. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimekuandikia moja, moja."

"Kwa nini hakusema siku ile ile?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kama ungekuwa mtoto wa mtu mwingine, angesimamisha hiyo kitu hapo hapo. Lakini ilikuwa wewe. Aliona watu wote wanamwangalia, akajua watasema anapendelea mtoto wake. Akaniambia, 'Niliogopa watu.' Hakuficha. Tukaandika ile ya kweli kwa kitabu, nne kwa tatu, akaweka sahihi. Lakini majina yalikuwa yameshatumwa, na yule msichana ameshaambiwa anaenda. Akasema hawezi kutoa mtoto kwa gari."

"Na mimi je?" nikauliza. Mtu mzima, nina mume na watoto, nikauliza kwa sauti ya darasa la sita.

"Alisema atakuambia. Alisema anatafuta siku nzuri."

Nikamuuliza kitabu kiko wapi. Akasema kililiwa na mchwa zamani, pamoja na kabati lenyewe.

Siku nzuri zilikuwa nyingi. Hilo ndilo lililonikasirisha, na nilimkasirikia upya amelala chini ya udongo ambao haujakauka. Alikuwa na Krismasi zote zile. Alikuwa na siku ya harusi yangu, alikuwa na ile siku ya glasi ya maji. Mtu aliyebadilisha mieleka ya shule zote kuanzia Wamunyu mpaka Katangi ili mtoto mwingine asiandikiwe moja badala ya mbili, alishindwa kuvuka hatua kumi kutoka bandani mpaka jikoni kumwambia yule wa kwanza. Ningemsamehe kabla hajamaliza sentensi. Ninamkumbuka kila siku na bado namdai sentensi hiyo.

Siku ile niliponunua miiko sikuwa nimeenda Masii kutafuta miiko. Kijana wangu anapiga mieleka siku hizi, shule yao ilialikwa huko, na kwa kuwa wenyeji walikosa karani wa pili nikajitolea kukaa mezani. Mambo yote yalikuwa kama yalivyoachwa: vibao vya namba, siku hizi vya plastiki, refa anapaza sauti, sisi tunajibu. Refa alikuwa binti mmoja mdogo, mkali, mwenye vidole vyote kumi. Nilimuuliza nani alimfundisha kungoja meza ijibu. Akanishangaa.

"Si ndiyo sheria, mama? Mieleka iko hivyo."

Kisha ikawa zamu ya kijana wangu, na akavaa nyekundu. Nikampisha mwalimu mwingine kwenye kiti changu, nikakaa nyuma na wazazi wenzangu. Hata kipenga hakijalia, nikamwona yule binti ananitazama. Ni jicho la sekunde moja tu, la mtoto aliyelelewa vizuri anayetaka kujua kama mama wa mezani ataridhika. Akaniangalia tena alipowapanga katikati. Nikaelewa kwamba kila pointi atakayotoa ataitafuta kwanza usoni mwangu, na kwamba sina namna ya kuuficha uso wangu isipokuwa moja. Nikainuka. Nikatembea mpaka langoni, nikasimama nikitazama barabara.

Wazazi walinishangaa, nafikiri. Mbele yangu, ng'ambo ya lango, yule mama alikuwa ameketi na gunia lake la vyombo. Mikono yangu ilitaka kitu cha kushika, nikainama nikachukua mwiko. Nyuma yangu kipenga kikalia, turubai likapumua, na ile sauti kali ya yule binti ikaja moja kwa moja mgongoni mwangu: "Bluu, moja!" Meza ikajibu, "Bluu, moja!" Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa naiona mechi yote. Nilijua nani yuko juu na nani yuko chini, nilijua imebaki nini, na moyo wangu ulikuwa ndani ya lile duara kuliko kama ningekaa kwenye kiti cha mbele.

Basi hata yeye aliiona. Misimu yote ile miwili, nikiulaani ule mgongo, alikuwa amesimama pale akinihesabu. Alijifunza kupiga kelele, mtu wa sauti ndogo vile, akawafundisha wengine wapige, na kila pointi yangu ilimfikia langoni mara mbili, mara ya refa na mara ya meza.

"Unataka ngapi, mama?" mwenye miiko akaniuliza.

Sikumsikia vizuri, nilikuwa nasikiliza nyuma. Turubai likapumua tena, kwa kishindo.

"Nyekundu, mbili!" refa akaita.

"Mbili," nikajibu, kabla ya meza, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

Yule mama akanifungia miwili.